Suruali ya Mkuu wa Zimamoto

Suruali iligoma mapajani. Mkuu wa zimamoto alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, pumzi kaibana, akiivuta kwa mikono miwili, nayo imekataa katakata kupanda. Upande wa pili wa pazia alisimama fundi mwenye karakana, mzee aliyeanza kushona enzi za cherehani za kukanyaga, akisikiliza ile vuta nikuvute. Alikuwa anajua sauti ya kitambaa kinachoteseka.

"Fundi," Mkuu aliita, "hii ni yangu au ya mwanangu?"

"Ina jina lako, Afande."

"Basi ni jina tu lililonienea."

Mafundi waliokuwa kwenye cherehani waliinamisha vichwa ili wacheke kwa adabu. Asiyecheka alikuwa Sindano. Huyu alikuwa binti wa fundi, na jina la Sindano alibandikwa na baba yake mwenyewe kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, halafu katika ukoo mzima wa washonaji ni yeye peke yake aliyeshindwa kutunga uzi. Alikwenda kusomea kompyuta. Aliporudi aliiingiza kompyuta karakanani, akaunda kanzidata, yaani ghala ambamo vipimo vya wateja wote hulazwa vikisubiri kuulizwa. Oda ya sare za zimamoto ilikuwa ya kwanza kupita humo tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi ya kompyuta ilikuwa kuchukua kiuno cha kila askari na kumgawia saizi, ndogo, ya kati au kubwa, kisha kumchapia mkata vitambaa karatasi ya kukatia. Na kompyuta hiyo, baada ya kuutafakari mwili wa Mkuu wa zimamoto, mtu ambaye akikaa kwenye benchi wenzake huanza kutafuta viti, iliamua kwamba yeye ni saizi ndogo.

Angekuwa yeye tu, ingepita kama mzaha. Lakini mkata vitambaa, ambaye jina lake la kazini lilikuwa Mkasi, alifunua vipande alivyokwisha kukata na kuvipanga mezani. Saizi ndogo zilikuwa rundo. Kubwa hazikuwepo kabisa.

"Mimi nilishangaa mapema," Mkasi alisema. "Nikajiambia, labda siku hizi moto unazimwa na wanafunzi."

"Ukashangaa, halafu ukakata?" Fundi aliuliza.

"Karatasi ilisema kata."

Mkuu alitoka nyuma ya pazia akiwa ndani ya suruali yake ya zamani, akakubali kurudi kesho, akaaga vizuri. Alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio hasa wanaoumiza ukiwaharibia kazi yao, maana hawakupi hata tusi la kujibu. Fundi alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya chini, na pale karakanani sauti ya chini ya Fundi iliogopwa kuliko kelele za wengine.

"Sindano, tafuta kosa liko wapi. Likiwa la mashine, mashine itoke, tunarudi kwenye chaki na tepu. Likiwa la mtu, mtu huyo akapumzike nyumbani. Nataka jibu kabla hatujafunga."

Alisema "mtu" bila kumtazama yeyote. Lakini macho ya wengine hayakuwa na adabu hiyo. Yaliteleza yenyewe hadi kwenye meza ndogo ya dirishani, ambako Shangazi alikuwa ameweka vidole kumi juu ya kibodi, mgongo umenyooka, akiendelea kuingiza vipimo vya oda nyingine na kujifanya hasikii.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Fundi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpiga taipu maofisini, na mpiga taipu wa kweli, wa kuchapa huku anakutazama wewe usoni na kukuuliza habari za nyumbani. Kisha alistaafu, na haukupita muda akafiwa na mume. Basi alikaa. Sina neno jingine la kueleza alichofanya. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni kwa kaka yake, nywele hazijachanwa, ukimsalimia anakujibu "nipo" kwa sauti ya mtu ambaye hana uhakika nalo. Siku Sindano alipolalamika mezani kwamba vipimo ni vingi na hana wa kuviingiza, Shangazi aliinua kichwa akauliza, "Hiyo mashine ina herufi zilezile?" Kesho yake alifika karakanani amevaa viatu vya kisigino na amejipulizia manukato. Tangu hapo alikuwa akibishana na Mkasi habari za mpira, akiwakosoa mafundi wanavyokunywa chai kwa kelele, akiimba. Kila mtu nyumbani alijua kwamba kibodi ndiyo iliyomrudisha duniani. Fundi naye alijua. Tatizo la Fundi ni kwamba neno likishamtoka, hulilinda hata kama linamchoma mwenyewe.

Kwa hiyo Sindano alipoketi mbele ya skrini alikuwa na ombi moja tu moyoni: kosa liwe langu. Alianza mbali. Aliiamuru kompyuta imletee askari wote wenye kiuno kinachozidi sentimita mia. Ikamjibu kwamba hakuna. Kikosi kizima cha zimamoto, pamoja na mpishi wao, hakikuwa na mtu hata mmoja wa kuzidi mia. Ikabidi acheke, japo hakuwa na hamu.

Akamwulizia Mkuu peke yake. Kompyuta ikamleta mara moja, jina, cheo na kiuno: 118.

"Sasa wewe," aliinong'oneza mashine, "mia na kumi na nane ni zaidi ya mia au si zaidi?"

Aliuliza tena kwa njia nyingine, na tena, na kila mara mashine ikasema vilevile, kwamba kiuno ni 118 na kwamba hakizidi mia. Ilikuwa kama kubishana na mtoto aliyepaka mafuta mdomoni anayeapa hajagusa sufuria. Kichwa kilianza kumuwanga. Akaegemea kiti akaitazama skrini kwa mbali, bila kusoma, kama mtu anavyotazama ukuta, na hapo ndipo akaona jambo lililokuwa mbele yake muda wote. Ile safu ya viuno ilikuwa imeegemea kushoto.

Kwenye skrini ile namba husimama upande wa kulia, zimejipanga kwa tarakimu za mwisho. Maneno ndiyo hukaa kushoto, pamoja na majina na vyeo. Viuno vilikuwa vimekaa kushoto na majina, vimetulia kabisa. Akaiuliza kompyuta safu hii ni ya aina gani. Jibu likaja: maandishi.

Furaha iliyompata nusura aruke. Ilikuwa kazi ya mikono yake. Mwanzoni kabisa, baba yake alipokuwa akimtajia vipimo vya mfano, alikuwa akisema "tisini na nusu" na kuandika ile nusu kwa alama yake ya zamani ya kifundi. Sindano, ili asibishane na mzee, aliifanya safu kuwa ya maandishi, safu inayopokea chochote utakachoitupia, namba, herufi, hata salamu. Basi kosa ni lake. Kilichobaki ni kuigeuza iwe ya namba na kwenda kwa Baba kifua mbele. Akatoa amri.

Kompyuta ikagoma. Ikasema kuna kitu kwenye safu ambacho si namba, na ikaonyesha mfano. Mfano wenyewe ulikuwa 118 ya Mkuu.

Akafuta skrini kwa pindo la nguo, akidhani ni uchafu. Akaandika 118 yake mwenyewe chini ya ile nyingine. Zilifanana kama pacha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sindano aliinama hadi pua ikakaribia kioo, na bado zilifanana. Akabadilisha mtindo wa maandishi, akachagua ule unaochora kila herufi kwa mikogo yake, na hapo pacha wakaachana. Moja ya kwake ilipata kipua kwa juu na kikanyagio kwa chini. Zile za kwenye 118 ya Mkuu zilibaki vijiti vitupu. Hazikuwa moja, zilikuwa herufi L ndogo.

Akaomba aonyeshwe zote za namna hiyo. Zikashuka kwenye skrini mpaka akachoka kuzitazama. Kila palipopaswa kuwa na moja palikuwa na kijiti. Sasa alielewa safari nzima. Kompyuta ilipotaka kugawa saizi ilijaribu kuyasoma yale maandishi kama namba. Ilipokuta herufi mwanzoni, ilihesabu sifuri, ikaendelea na shughuli zake bila kumwambia mtu. Mwenye kiuno cha sifuri atapewa saizi gani kama si ndogo? Na kwa kuwa namba zote za mia na ushee huanza na moja, wanene wa kikosi walifutwa wote kwa mpigo.

Sindano hakuondoka kwenye kiti. Furaha ilikuwa imemtoka. Vipimo viliingizwa na mtu mmoja tu.

Alikwenda taratibu akasimama nyuma ya Shangazi. Vidole vilikuwa vinaruka, na lazima niseme vilikuwa vizuri kutazama. Tisa, mkono ulipanda juu. Saba, ukapanda. Moja, haukupanda. Kidole cha tatu cha mkono wa kulia kiligusa herufi pale pale kilipokuwa kimelala na kazi ikaendelea.

"Mbona umenisimamia kama polisi?" Shangazi aliuliza bila kugeuka.

"Natazama tu, Shangazi. Moja unaipiga wapi?"

"Moja? Hapa." Akaigusa L. "Mashine niliyofundishiwa haikuwa na moja. Namba zilianzia mbili. Mwalimu wetu alikuwa anatuchapa rula ukiuliza. Moja ni L ndogo, alikuwa akisema, msinipotezee muda. Mpaka leo kidole kinakwenda chenyewe."

"Na hizi mashine mpya?"

"Sijawahi kuangalia chini, mwanangu. Mpiga taipu akiangalia chini, huyo si mpiga taipu."

Mazoea yana taabu. Sindano alirudi mezani kwake na kukaa na mikono mapajani. Angeweza kuiandikia kompyuta mstari mmoja tu wa amri, mmoja mfupi, wa kugeuza kila kijiti kuwa moja pale kinapoingia. Hakuna ambaye angejua. Angemwambia Baba, ni mashine ilikosea. Lakini Baba amesema mashine ikikosea itoke, na ikitoka Shangazi atachapa kwenye nini? Na akisema ni mtu, basi mtu huyo ni Shangazi. Aligeuza maneno ya baba yake huku na huku, na kila alipoyageuza yalifikia kwenye kile kiti cha sebuleni. Alimpenda shangazi yake, basi, hakuna namna ya kulizungusha hilo.

Akavuta kiti akaenda kukaa karibu naye, magoti yakagusana.

"Shangazi, nina neno. Na sitaki ulisikie kwa Baba kwanza."

Akamweleza lote, kijiti na moja, sifuri na wanene. Alimwonyesha pacha wawili kwenye skrini, mwenye pua na asiye na pua. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeacha mlango wazi, safu yake ingekuwa ya namba ingekikataa kijiti siku ya kwanza. Aliongea haraka sana. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, miwani mkononi.

"Zote?" aliuliza.

"Kila penye moja."

"Na mtu akitazama haoni."

"Haoni. Hata mimi sikuona."

Nje muuza maji alipita akigonga chupa. Kisha mabega ya Shangazi yalianza kutikisika, na Sindano akamshika mkono kwa haraka akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa kujizuia kwanza, halafu akaachia, mpaka cherehani zikasimama moja baada ya nyingine na Mkasi akachungulia kutoka meza ya kukatia.

"Kompyuta zilipoletwa ofisini kwetu," alisema alipopata pumzi, "nilipewa hesabu zote nichape. Kurasa kwa kurasa. Baadaye nikaona hesabu anapelekewa binti mpya, mimi naachiwa barua. Halafu hata barua zikakoma. Wakanihamishia mapokezi, nikawa wa kuonyesha wageni pa kukaa. Nikamfuata bosi. Nikamwambia, mzee, kama kuna nilipokosea niambie. Akanijibu, hujakosea kitu, mama, wewe pumzika tu."

Kicheko kilikuwa kimekwisha, lakini uso ulikuwa bado una mwanga wake.

"Nilidhani nimezeeka. Nilidhani vidole vimeharibika na wao wanaona na mimi sioni. Nililala na hilo, nikaamka nalo, nikastaafu nalo. Hata mume wangu sikumwambia, niliona haya. Kumbe ni kijiti."

"Labda walikuwa wanakuheshimu, Shangazi."

"Heshima gani ya kumwacha mtu na kosa lake?"

Sindano aliufikiria ule mstari mmoja mfupi aliotaka kuuandika kwa siri, kwa mapenzi, akaona aibu ikimpanda shingoni.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha pasi. Haikujulikana amesikia kuanzia wapi.

"Haya," alisema. "Ni mashine au ni mtu?"

Shangazi aliinuka, akaliweka sawa gauni lake. "Ni mimi, kaka."

"Na mimi, Baba," Sindano akadakia. "Yeye alikosea kidole, mimi nilikosea safu. Ya kwangu ndiyo kubwa."

Mkasi alikohoa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, ila haya aliyasema akitazama mkasi wake. "Mimi Mkuu namjua. Namwona kila siku akipita hapo nje, kivuli chake kinatangulia. Nikaletewa karatasi inasema mdogo, nikakata. Kwa hiyo na mimi nipeleke nyumbani."

Fundi alikunja uso. "Mmepanga?"

"Hatujapanga, Fundi," Mkasi alijibu. " Ila suruali ya Mkuu hukumwachia mtu, si ndiyo? Uliishona mwenyewe, ukaipiga pasi mwenyewe. Kiuno chake ulikipima mwenyewe kwa tepu, mimi nikiwa nimekushikia ncha nyingine kwa sababu mkono ulikuwa haufiki. Na hukuona kitu."

Wale wa cherehani walitafuta nyuzi za kuokota sakafuni. Kisha Fundi alifanya jambo ambalo Sindano hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya mafundi wake: alijipiga kofi dogo la paji la uso na kuanza kucheka.

"Niliona," alikiri. "Nilipoikunja niliona. Nikasema, kompyuta imesoma kuliko mimi."

"Basi tufunge karakana, tukapumzike wote," Mkasi alisema. "Mkuu aende kwenye gwaride amejifunga shuka."

Fundi alicheka hadi akajifuta macho kwa kiganja. Lakini alipomgeukia dada yake alikuwa mtu mwingine, mdogo kiumri kuliko alivyoonekana, mdogo wake kabisa. "Dada, mimi nilitamka neno mbele ya watu."

"Nilikusikia."

"Kwamba aliyekosea akapumzike."

"Nimeshapumzishwa mara moja, kaka yangu, bila kuambiwa kosa. Safari hii nimeambiwa." Akakalia kiti chake na kuvaa miwani. "Na mtu akishaambiwa hapumziki, anasahihisha. Niache nifanye kazi."

Fundi alibaki amesimama kwa muda, mikono haijui iende wapi. Mwishowe akaenda kwenye meza ya kukatia, akachukua tepu, akamwambia Mkasi atoe kitambaa kipya na akikate kwa upana wa binadamu. Hilo ndilo lililokuwa tangazo lake, na kila mtu alilielewa.

Sindano aliigeuza safu ikawa ya namba. Akaiwekea mlinzi, kwamba herufi ikijaribu kuingia, kompyuta ilie na ikatae. Kisha akaviweka mbele ya Shangazi vipimo vya kikosi kizima, kuanzia kwa Mkuu.

Shangazi alinyoosha mgongo. Vidole vikashuka, na cha tatu cha mkono wa kulia, kwa utiifu wake wa miaka yote, kikaenda pale pale kilipofundishwa. Mashine ikalia kwa sauti iliyofika hadi chumba cha pasi. Mafundi wote waligeuka, na Sindano akajikaza asiinuke kwenda kumsaidia.

Shangazi hakuona haya. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kupiga taipu aliinamisha kichwa na kutazama chini, akaitafuta moja kwenye mstari wake wa juu, akaipata.

"Asante," aliiambia mashine, akaibonyeza.